Mkufunzi na Robine

Mchezo wa redio Umubanyi Niwe Umuryango wa Marie-Louise Sibazuri ulianza 1997, vita vikiwaka Burundi. Familia mbili jirani, ya Kihutu na ya Kitutsi, basi. Studio Ijambo, walioutengeneza, walikuwa wakituma waandishi wawili wawili, Mhutu na Mtutsi, kwenye habari moja. Msikilizaji akijua wa kwake yumo, huvumilia hata asilolipenda.

Huku kwetu Kinama, Muyinga, mkufunzi wa amani alitoka Gitega na projekta yake. Alisoma tu, saa mbili. Mama mmoja akauliza: "Baba, na ule ugomvi wa kwenye robine je?" Akajibu: "Haiko kwenye programu." Pale alitupoteza. Picha zake hazikuwa mbaya, kweli. Lakini robine iko nyuma ya ukumbi palepale.