Sauti ya Mgonjwa Kijana katika Tamthilia ya Orodha

Orodha ya Steve Reynolds (2006), tamthilia iliyozoeleka katika shule za sekondari za Tanzania, huanza na mazishi. Furaha, msichana aliyefariki kwa UKIMWI, ameacha orodha ya kusomwa. Wanaume waliohusiana naye wanaihofu wakidhani ina majina yao. Kumbe inataja mambo ambayo yangemwokoa. Kinaya hicho ndicho nguvu ya tamthilia, na ndicho kikomo chake: Furaha anapata kauli kamili baada ya mauti kumnyamazisha.

Tamthilia ya televisheni ya Kijapani, 1 Litre no Namida (2005), iliyotokana na shajara ya Aya Kitō, inafuata njia nyingine. Aya, msichana wa miaka 15, ana maradhi yasiyotibika yanayodhoofisha ubongo na uti wa mgongo, naye huandika huku mkono ukizidi kulegea. Mtazamaji huishi naye kabla ya kumlilia.

Tofauti hii ina uzito. Tangu 2004 dawa za kufubaza VVU hutolewa bure Tanzania. Mwanafunzi wa Shelui, chini ya mlima Sekenke, huenda anaisoma Orodha akiwa dawati moja na mwenzake anayemeza dawa hizo kila siku na kupanga maisha yake. Tamthilia inamfunza kujikinga. Haimpi lugha ya kuishi na mwenzake huyo. Uhakiki unaoishia kwenye onyo humzika aliye hai. Swali linalobaki ni hili: Furaha angesema nini angali hai?