Mwalimu wa Kitengo

Kufunga kifungo cha shati, kwa aliyezoea, ni jambo moja. Mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu huliona ni mambo mengi: kushika ukingo wa shati, kulitafuta tundu, kukiinamisha kifungo, kukisukuma, kukipokea kwa vidole vya mkono wa pili, kuvuta. Akishaichambua kazi hivyo, mara nyingi huanzia mwisho. Anafanya yeye hatua zote za mwanzo, anakiacha kifungo nusu ndani ya tundu, mtoto avute tu. Mtoto akishaweza kuvuta, anaachiwa kupokea na kuvuta, na hivyo hivyo kurudi nyuma. Kila siku mtoto anakuwa yeye aliyemaliza. Sijui ufundi wa kufundisha uliozidi huu.

Walimu wengi wa vitengo wameusomea Chuo cha Ualimu Patandi, kule Tengeru, Arusha. Kisha wanapangiwa shule ya msingi ya Mbagala au Bunju, Dar es Salaam, na hapo ndipo ufundi unapoanza kubanwa. Elimu bila ada ya mwaka 2016 iliwaleta shuleni watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani, jambo jema kabisa, lakini madarasa na walimu havikukua kwa kasi hiyo. Kitengo kinapewa chumba kimoja. Humo yumo mwenye usonji anayeziba masikio kengele ikigongwa, mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kukaa bila kuegemezwa, na kijana aliyeanza kubalehe akiwa bado anafundishwa kwenda chooni. Mwalimu wa darasa la tatu akiugua, anayeitwa kushika darasa ni mwalimu wa kitengo, eti watoto wake "wanacheza tu". Neno hilo linaniuma. Hatua ya kifungo ikikatizwa siku nne, mtoto huenda akarudi alikoanzia.

Na wapo mama zao. Wengine hukaa chini ya mti hadi saa ya kutoka, kwa sababu nauli ya kwenda nyumbani na kurudi kumchukua mtoto haipo, na daladala ya asubuhi kondakta aliwatazama akapiga bodi gari liondoke. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtambulia mtoto huyu haki ya kusoma sawa na wenzake. Ila njia ya kutoka nyumbani Chamazi hadi shuleni anaipita mgongoni mwa mamake.

Katikati ya hayo mwalimu anaandika. Andalio la somo la darasa zima halimtoshi, hivyo kila mtoto ana daftari lake: leo alishikwa mkono, leo alioneshwa, leo aliambiwa tu, leo mwenyewe. Mwalimu wa namna hii akihamishwa, heri anayeandika barua ya uhamisho ampe wiki mbili akae chumbani na anayempokea, wafungue madaftari hayo moja moja, mtoto akiwa mbele yao. Daftari linasema alishikwa mkono; halisemi mkono upi, wala kwa nguvu kiasi gani.