Buster Keaton na Uzito wa Treni

Mpanda ni mwisho wa reli. Njia ya kilomita 210 inayochepuka kutoka Reli ya Kati pale Kaliua huvuka mto Ugalla, hupita Katumba, na hapa hukoma. Ilikamilika mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba. Madini hayo ni habari ya zamani sasa, lakini treni bado inabeba abiria na magunia yao. Kwa sababu hiyo, mtu akiniuliza ni filamu gani isiyo na sauti ioneshwe Mpanda kabla ya nyingine zote, namtajia The General ya Buster Keaton, iliyopigwa mwaka 1926. Inamtaka mtazamaji anayejua kwamba treni haisimami papo hapo na haipindi ovyo, na kwamba mwili wa mtu mbele yake si kitu. Watu wa hapa hawahitaji kufundishwa hayo.

Keaton anacheza Johnnie Gray, dereva wa treni katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Jeshi limemkataa kwa kuwa ana manufaa zaidi akiwa dereva, ila hakuna aliyemweleza sababu hiyo, na mchumba wake Annabelle Lee hataki tena kumwona hadi avae sare. Johnnie anajiketia juu ya lile fito la chuma linalounganisha magurudumu makubwa ya injini. Injini inaanza kuondoka taratibu. Fito linapanda na kushuka, naye anapanda na kushuka nalo, mkao uleule, huzuni ileile usoni, mpaka anapokaribia kumezwa na giza la banda ndipo anashtuka.

Itazame tena ukiwa umesahau kicheko. Injini ile ni ya kweli, tani kwa tani, na Keaton ni wa kweli juu yake. Aliyeshika mvuke ilibidi aufungue kidogo kidogo mno: magurudumu yangeteleza na kuzunguka kwa nguvu mara moja tu, fito lingemtupa au kumponda. Kamera nayo imekaa mbali kiasi cha kutuonesha mtu mzima na gurudumu zima kwa pamoja, bila kukata picha. Kukata kungekuwa rahisi. Angeweza kuonesha uso, kisha gurudumu, kisha uso tena, nasi tungeelewa, lakini tusingesadiki. Keaton alikulia jukwaani. Tangu utotoni alikuwa akirushwa huku na huko na baba yake katika maonesho ya familia, akajifunza kuanguka kabla ya kujifunza mengi mengine. Mtu wa namna hiyo anajua kwamba kazi ya mwili ina thamani pale tu watu wanapoiona yote.

Baadaye majasusi wanaiiba injini yake, naye anawafukuza kwa injini nyingine, nyuma yake akiwa amefunga behewa lenye mzinga. Hapa ndipo ufundi wake unapofunguka hatua kwa hatua. Kwanza anatia baruti chembe tu, anawasha utambi, na tufe la chuma linaruka polepole na kutua chumbani mwa dereva, miguuni pake. Analisukumia nje. Mara ya pili anamimina baruti yote. Anawasha, anageuka kurudi kwenye injini, mguu unanaswa, behewa linachomoka kutoka mahali lilipofungwa, na kwa mtikisiko wa reli mdomo wa mzinga unaanza kushuka. Unashuka pole pole hadi unamwelekea yeye. Hana silaha ila kipande cha ukuni, anakirusha, hakisaidii kitu. Anapanda juu ya kuni, anakimbilia mbele kabisa ya injini. Ndipo reli inapinda. Injini inafuata pindo, mzinga unalipuka, tufe linakwenda moja kwa moja na kutua karibu na treni ya maadui, ambao sasa wanaamini wanafukuzwa na kikosi kizima.

Hakuna bahati katika tukio hilo, ingawa linasimuliwa kama bahati. Pindo la reli lilibidi lipatikane kwanza. Mwendo wa treni, urefu wa utambi na kasi ya kushuka kwa mdomo wa mzinga, vyote vilipimwa vikutane mahali pamoja. Keaton alitafuta njia ya reli iliyofaa hadi akafika Cottage Grove, jimbo la Oregon, na timu yake nzima ikahamia huko.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni kifupi. Maadui wameangusha mataruma juu ya njia. Johnnie anashuka, anakimbia mbele ya injini, analing'oa la kwanza, lakini injini imeshamfikia. Inamzoa, anajikuta ameketi juu ya vyuma vya mbele vinavyosukuma vizuizi, taruma zito mikononi. Mbele kuna taruma la pili, limelala juu ya reli, ncha moja ikiwa imejitokeza nje. Analiinua la kwanza na kulitupa juu ya ncha ile. La pili linaruka kando, na la kwanza nalo linaanguka nje. Njia nyeupe. Angekosea kwa shubiri moja, injini ingeacha reli, naye akiwa mbele yake.

Kisha kuna kukata kuni. Johnnie yuko juu ya shehena yake, anapasua magogo kwa shoka ili moto usizime, na nyuma yake jeshi lote la upande wake linarudi nyuma kwa kukimbia, kisha jeshi la adui linajitokeza kulifuata. Yeye haoni, ana kazi. Hapa Katavi, ambako tunaishi kando ya miombo, tunamfahamu mtu anayekata kuni kwa mpango: anasimamisha gogo, anapiga, linalofuata. Keaton anazikata kweli, kwa mdundo usioharakishwa na vita.

Filamu kama hii ni mtihani kwa wafasiri wetu wa vibanda vya video. Kazi yao naiheshimu sana. Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, aliwafanya Watanzania wengi waifuate sinema ya ugenini kwa Kiswahili, na Japani enzi za filamu bubu ilikuwa na mafundi wa kazi hiyohiyo, benshi, waliosimama kando ya pazia na kusimulia. Lakini Keaton alisimulia kwamba wakati filamu nyingine zilitumia wastani wa maandishi 240 ya kusomwa, yeye hakuwahi kuzidi 56. Mfasiri wa The General atoe maelezo ya vita mwanzoni, asome maandishi hayo machache, kisha anyamaze. Kunyamaza mbele ya ukumbi uliojaa ni ufundi mgumu.

Wakati wa ukoloni, waliotutengenezea filamu walishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokwenda haraka. Mradi uliokuwa Vugiri, Tanga, kati ya 1935 na 1937 ulitengeneza filamu za kufundisha kilimo na afya, zikiambatana na maelezo kwenye santuri. Namweka Keaton kando ya dhana ile na naona tofauti: yeye anatuonesha reli, kizuizi na mtu, halafu anatuachia hesabu tuifanye wenyewe.

Kuna jambo silikubali. Johnnie anapigania upande wa Kusini, uliotaka utumwa udumu. Tukio halisi la mwaka 1862 lilikuwa la wanajeshi wa Kaskazini walioiba treni, na Keaton akamfanya aliyewafukuza kuwa shujaa. Katika ukanda huu, ambako misafara ya watumwa ilipita kutoka ziwa Tanganyika, hilo siwezi kulipita kimya. Nauheshimu mkono wake, upande aliouchagua naukataa.

Turudi kwenye mkono huo: tarehe 23 Julai 1926, kazi ya kupiga filamu ikafika kwenye tukio la daraja. Juu ya mto Row, watu wakitazama kwa maelfu kutoka ukingoni, injini halisi iliingia kwenye daraja lililokwisha kuchomwa moto, daraja likavunjika katikati, na injini ikatumbukia majini ikitoa moshi na mvuke. Gharama inatajwa kuwa dola 42,000. Tukio kama hilo halina kurudia, kwa hiyo kila kamera ilibidi iwe mahali pake kabla. Kisha Keaton anaweka picha moja tu ya ofisa wa adui aliyeamuru treni ivuke. Uso wake unatosha.

Wahakiki wa wakati ule hawakuipenda, na mapato hayakufidia gharama. Mwaka 1928 Keaton alihamia studio ya MGM, ambako kila kitu kilitakiwa kiandikwe na kuidhinishwa kwanza. Yeye alizoea kuwa na mwanzo na mwisho tu, katikati akiitafuta hukohuko kwenye reli. The Cameraman, filamu yake ya kwanza huko, bado ina mkono wake. Anzeni na The General, kisha hiyo, mfuatilie jinsi nafasi ya kujaribu inavyompungukia fundi.