Kokoto Hazitoshi: Zege Juu ya Udongo wa Mfinyanzi wa Uvira

Uvira, mashariki mwa Kongo, imebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, na udongo wake haulingani. Karibu na Mulongwe au Kalimabenge, mito hiyo imeshusha mawe na mchanga. Ukielekea kaskazini hadi tambarare ya Ruzizi, unakanyaga udongo mzito wa mfinyanzi. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza vidole. Mvua zikirudi, huvimba na nyufa zikafunga. Sakafu iliyolazwa juu yake huinuliwa na kushushwa, tena upande mmoja kuliko mwingine, maana kingo hulowa kabla ya katikati.

Dawa ya kawaida inajulikana: chimba, jaza kokoto, shindilia, mwaga zege. Wengi wanaojijengea ua au kibaraza huishia hapo, na ndipo kazi inapoharibika. Shimo katika udongo wa mfinyanzi ni bakuli. Kokoto hazinywi maji, zinayapa tu mahali pa kukaa, na maji yanayokaa ndiyo yanayolainisha udongo ulio chini.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita 40 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 50 linashusha lita 2,000. Tuseme nusu tu inaangukia upande wa sakafu: lita 1,000. Sakafu ya mita 4 kwa 3, yenye kokoto za sentimita 15 chini yake, ina nafasi ya lita kama 700 kati ya kokoto. Mvua moja kubwa inaweza kuijaza.

Kwa hiyo anza na njia ya kutokea maji. Kwanza kinga maji ya bati kwa mfereji, yasifike kabisa kwenye sakafu. Kisha tengeneza mteremko kwenye sakafu ya shimo lenyewe, siyo juu ya zege peke yake: sentimita 2 kwa kila mita, yaani 8 kwa urefu wa mita 4. Kamba na mpira mwangavu uliojaa maji vinatosha kupimia. Kutoka pembe ya chini kabisa, toa mtaro wenye mawe au bomba lenye matundu hadi mahali palipo chini zaidi, na pasiwe uani kwa jirani. Ukifikiria kuchimba shimo la kunyonya maji, lijaribu: lijaze leo, lijaze tena kesho, kisha tazama. Maji yakilala humo hadi kesho kutwa, shimo hilo halitakusaidia.

Parseli za kando ya ziwa zina shida nyingine. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga, kule Kalemie. Ziwa lilipopanda mwaka 2021 na tena 2024, maji yaliingia mitaa ya chini ya Uvira, na ng'ambo ya mpaka, Gatumba ya Burundi iliumia vilevile. Ziwa likifikia kimo hicho, mtaro hauna pa kumwaga. Maji huurudia kutoka chini. Hapo mimi singechimba. Ningeinua: moramu iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka, sentimita 15 kila moja, ikitokeza nje ya ukingo wa zege kwa nusu mita. Mafuriko kama ya mto Mulongwe ya Aprili 2020, yaliyoua watu wengi, hayazuiwi na kazi ya ua. Hayo ni ya kingo za mto na miti ya mlimani.

Zege lenyewe si gumu: simenti ndoo 1, mchanga safi ndoo 2, kokoto ndoo 3, maji kidogo, kisha magunia mabichi juu yake siku 7. Linalosahaulika ni hali ya udongo siku ya kumwaga. Julai watu hufurahia ukavu, lakini udongo wa mfinyanzi wakati huo umesinyaa hadi mwisho, na zege litakalolala juu yake litaanza kusukumwa na mvua za kwanza. Kabla ya kutandaza kokoto, lowesha udongo kidogo kidogo kwa siku kadhaa, mpaka nyufa zifunge na unyevu ushuke chini bila kuacha tope juu.