Kaure ya Kichina na Kidaka Kitupu

Msomaji wa Jibondo hana haja ya kusafiri hadi Pate ili aielewe Al-Inkishafi. Ng'ambo ya maji, kisiwani Juani, yamesimama magofu ya Kua, mji ulioangamizwa na Wasakalava wa Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19.

Katika utenzi huo, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anavitaja vidaka vya majumba ya Pate, vilivyowahi kupangwa sahani za kaure; sasa hulala humo makinda ya ndege. Kaure ya Wachina ilikwishaingia katika sanaa ya pwani kabla yake: huko Kunduchi, waashi waliipachika kwenye nguzo za makaburi. Mwashi aliitumia kumwenzi marehemu. Mshairi akaitumia kuonyesha kuwa fahari haidumu.

Hapo ndipo ulipo ubora wake. Haisifu rangi ya sahani wala maua yake, bali anatuachia kidaka kitupu. Hakumwiga fundi wa Uchina. Kazi ya fundi huyo aliigeuza kuwa lugha yetu ya maombolezo.

Basi mshairi wa Mafia atakayeiimba Kua asituorodheshee fahari iliyopotea. Na akitafute kidaka chake.