Milimita 0.08
Munisagara iko kwenye bonde la Mkondoa, karibu na Kilosa, mahali ambapo reli ya kati hubanana na mto na milima. Kwenye njia za milima kama hii pikipiki hupanda na mzigo, na injini yenye valvu mbovu huumbuka mlimani. Ndiyo maana namheshimu sana fundi anayejua kuseti valvu.

Injini ninayopenda kuiona ikifunguliwa ni ya Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, au ya pikipiki nyingi za Kichina zilizoiga muundo wake. Haina cheni ya taimingi. Kemu iko chini. Fimbo mbili hupanda kusukuma roka, nazo roka hukandamiza valvu.

Fundi mwenye subira haanzi na spana. Husubiri injini ipoe kabisa, maana chuma cha moto hutanuka na kipimo hudanganya. Huchomoa plagi, huzungusha injini taratibu mpaka alama ya T kwenye magneto ikae mahali pake, kisha hutikisa roka kwa kidole. Zikicheza zote mbili, pistoni iko juu na valvu zimefunga. Zikigoma, huzungusha duara moja zaidi.

Ndipo huingiza kati ya roka na valvu geji ya milimita 0.08, nyembamba kama karatasi. Hulegeza nati, hugeuza skrubu kidogo, huvuta geji. Inatakiwa ipite huku ikikwaruza. Mtihani uko kwenye kukaza nati, kwa kuwa skrubu hutaka kuzunguka nayo. Huishikilia kwa nguvu, hukaza, halafu hupima upya.

Madereva wengi huja wakilalamikia mlio wa kugonga. Fundi mzuri huogopa zaidi ukimya. Valvu iliyobanwa mno haifungi sawasawa, na ile ya eksozi hupoza joto lake kwa kugusa kiti chake; ikikosa kukigusa, huungua. Pikipiki hupoteza nguvu, hukataa kuwaka ikiwa ya moto, na kazi ndogo huwa ya kufungua silinda hedi na kusaga valvu.

Kipimo kile cha pili, baada ya nati kukazwa, hakuna mteja anayekilipia, wala atakayejua kama kilirukwa. Hicho ndicho kinachomtofautisha fundi na mtu mwenye spana.