Mbuzi Huyu, au Mbuzi Yeyote

Mfugaji wa Usevya, huku Bonde la Rukwa ambako mashauri ya mifugo hayaishi, anaweza kujifunga kuchinja siku ya Idi kwa namna mbili. Anaweza kumshika mbuzi pembe akasema, "Huyu ni wa udhiya." Au anaweza kusema, "Ni juu yangu kuchinja mbuzi," kisha baadaye akamchagua mmoja zizini. Fisi akipita usiku huo, hasara ni ileile: mbuzi hayupo. Kwa mafakihi wa Kishafii, hizo ni kesi mbili.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, amezipanga vizuri katika Minhaji, kitabu kilichosomeshwa vizazi kwa vizazi Lamu na Unguja. Mbuzi aliyetajwa mwenyewe akifa bila uzembe, mwenye nadhiri hadaiwi kitu. Akimwangamiza kwa mkono wake, thamani yake inunue mwingine wa mfano wake. Ama aliyesema "ni juu yangu", deni limekaa shingoni mwake: fisi kala mbuzi, hakula deni. Hata mguu ukivunjika kabla ya siku yenyewe, bila kosa la mwenye mbuzi, hukumu zinaachana. Yule wa kwanza atachinjwa na kilema chake na nadhiri itatimia, ingawa kwa kawaida mnyama anayechechemea waziwazi hafai kwa udhiya. Wa pili lazima abadilishwe.

Ustadi wenyewe uko kwenye alama ndogo. Hukumu kwamba deni linabaki, Nawawi ameiita "asahi", iliyo sahihi zaidi. Kwa utaratibu wa kitabu chake, alama hiyo hukiri kwamba rai ya pili nayo ina nguvu. Ingekuwa dhaifu, angeandika "sahihi" tu. Msomaji anapewa hukumu, na papo hapo anajulishwa kwamba walioshindwa hawakuwa wajinga.

Marabi wa Kiyahudi walikwisha kuuweka mpaka huohuo karne nyingi kabla yake. Mishna, mkusanyo wa sheria zao uliofanywa na Rabi Yehuda HaNasi karibu na mwaka 200, inasema aliyetoa sadaka kwa "huyu" halipi mnyama akifa au akiibwa. Aliyesema "ni juu yangu" hulipa.

Wakaenda mbali zaidi, hadi kwenye sadaka iliyokwisha kuharibika. Sheria iliwaadhibu wawili: anayechinja sadaka nje ya ua wa Hekalu, na anayeiteketeza nje. Je, aliyefanya yote mawili ana makosa mawili? Wengi walisema ndiyo. Rabi Yose wa Galilaya akakataa: ikichinjwa nje imeshabatilika, basi alichokiteketeza si sadaka tena. Wenzake wakamgeuzia hoja yake. Hata iliyochinjwa ndani, ikivuka tu ua imebatilika. Kwa kipimo chako, nani basi ataadhibiwa kwa kuteketeza nje?

Wengine wangefunga mjadala hapo. Talmudi, kitabu cha mijadala juu ya Mishna, inaufungua tena, na anayemtetea Rabi Yose ni Yehuda HaNasi mwenyewe, aliyeikusanya Mishna. Iliyochinjwa ndani, anasema, iliwahi kuwa na saa ya kufaa. Iliyochinjwa nje haikuwahi kuwa nayo hata dakika moja. Kwa hoja hiyo pingamizi la wenzake linapoteza makali, na kumbe ubatilifu una aina mbili: wa kitu kilichofaa kikaharibika, na wa kitu ambacho hakikufaa kamwe.

Haya yote yalibishaniwa wakati Hekalu halipo. Warumi walilibomoa mwaka 70. Katika mjadala mwingine wa sadaka zilizobatilika, mwanachuoni mmoja aliuliza kwa nini watoe hukumu ambazo hazitatumika mpaka aje Masihi. Mwanachuoni mwenzake, Abaye, akamjibu kwamba kwa hesabu hiyo wangeacha kusoma mlango mzima wa uchinjaji wa sadaka. Mtu husoma, na ujira wake ni huko kusoma.

Jibu lake ni zuri, lakini faida haiishii hapo. Mzee wa baraza anayeamua nani alipe ng'ombe aliyefia mikononi mwa mchungaji anaweza kuazima kwa mafundi hawa mambo mawili. Kwanza, aulize deni lilikaa wapi, juu ya mnyama au juu ya mtu, kabla ya kuuliza nani atoe pesa. Pili, akishaamua, aieleze hoja ya aliyeshindwa kwa ubora wake wote, watu wakiwa bado wamekaa.